Tumejaa

Kabla ya Syombua, Ijumaa ilikuwa yangu.
Baada ya mapumziko ya saa nne Mwalimu Okumbe
alifuta ubao kwa kiganja, akachomoa daftari moja
kutoka kwenye rundo, nami nikaanza kuona haya
hata kabla hajalitaja jina, maana nililijua.

Muhula wa pili akaja yeye,
viatu vya kaka yake, soksi zimebanwa kwa raba,
akapewa dawati la dirishani, pale kioo kilipovunjika
na vumbi la Kariobangi likiingia bila hodi.
Wiki ya tatu ikasomwa insha isiyokuwa yangu:

*Mama hupiga pasi nguo za watu kule Umoja.
Pasi ya makaa ina mafua. Ikipiga chafya
cheche huruka, na mama huiambia, "Afya!"
halafu hutazama kama shati la wenyewe limepona.*

Darasa likacheka, kicheko cha kupenda.
Mwalimu akanyamaza kidogo, akairudia ile ya chafya.
Yangu hakuwahi kuirudia.

Watu wazima wanakiita kijicho, na kweli kilikuwa kidogo,
kama tundu la sindano.
Lakini nilipochungulia humo sikuona darasa,
wala Wangechi rafiki yangu, wala andazi mkononi mwangu.
Nilimwona Syombua tu, kutwa, hadi usingizini.

Sikumpiga. Nataka hilo lijulikane,
ingawa sijui ni nani aliyeuliza.
Nilisema tu, pua nimeibana kwa vidole viwili,
"Mbona huku kunanuka makaa?"
Sentensi moja, fupi kuliko zote nilizowahi kutunga,
na ndiyo iliyosomwa na wengi.
Adongo akaipeleka chooni. Barasa akaifikisha kwenye foleni ya maji.
Kufikia chakula cha mchana
darasa la sita lote lilikuwa na pua.

Tulikuwa tukicheza kati nyuma ya jiko la shule, mpira wa soksi,
akaja akasimama kando, mikono nyuma.
"Tumejaa," nikamwambia.
Tulikuwa watano.
Kesho yake tulikuwa wanne, tukajaa vilevile.
Siku moja Wangechi ana homa, Adongo katumwa dukani,
tukabaki mimi na Nafuna na ukuta,
na bado tulikuwa tumejaa.

Hakulia. Laiti angalilia.
Alianza tu kuja na sweta isiyokauka,
imefuliwa usiku, katika baridi ile ya Julai,
akitetemeka hadi saa nne.

Kisha insha zake zikabadilika.
*Nilirauka alfajiri na mapema. Ndege walitumbuiza mitini.*
Ndege gani, Kariobangi? Kunguru, na korongo wa jalalani.
Yalikuwa maneno ya kila mtu, yasiyonuka chochote.
Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Safi.

Ijumaa ikarudi kwangu.
Akasoma jinsi jiko la nyanya yangu lilivyokohoa
nasi tukaliambia, "Pole."
Wakacheka, wote isipokuwa mmoja.
Syombua aliinua kichwa akanitazama, si kwa hasira,
bali kama mtu aonaye nguo yake
imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Sasa nina miaka thelathini na minane, Donholm, ghorofa ya tatu.
Jana usiku nilikuwa nikipiga pasi sare ya binti yangu,
naye akinisimulia habari za mtoto mgeni darasani
anayechora farasi vizuri "mpaka anaudhi."
Nikamuuliza, mnacheza naye?
Akanyamaza. Kunyamaza huko nakujua, ni kwangu.

Nilisimama hapo, mkono juu ya kola, sijui kwa muda gani.
Pasi hii ya umeme haina mafua.
Iliunguza kimya.