Moja, Mbili, Nne

Kuopio, Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Tuovi anavuta mlango wa gereji; bawaba zinalia.
Gari la marehemu Ensio linakohoa,
linakohoa tena, kisha linaanza kuhesabu:

moja, mbili, nne, tano, tatu,
moja, mbili, nne, tano, tatu,

kama mtoto aliyefunzwa namba na mlevi.

La jirani lina silinda sita. Laini mno,
linateleza kama siagi, Tuovi husinzia akilisikia.
Nane za Kimarekani huguguma, hujikwaa makusudi;
hizo anazisamehe.
Lakini tano! Tano haigawanyiki kwa mbili.
Daima mmoja hubaki bila mwenzake,
na huyo ndiye mwenye sauti.

“Hakuna uchawi,” Ensio alikuwa akisema,
“ni nyuzi mia na arobaini na nne
kati ya mlipuko na mlipuko.”
Nyuzi, naam. Na nani asiyejua nyuzi hupigwa?

Anakanyaga mafuta. Theluji inaporomoka paani.
Taa ya jirani inawaka: kesho atalalamika.

Anazima. Mikono bado kwenye usukani.
Chuma kinapoa, ti,
ti ti,
ti,
bila mpangilio wowote.