Koga

Shangazi Mwanasha hakuwa mtu wa asumini.
Tulipotunga vikuba kwa arusi za Makorora
yeye alikaa kando, akikata nyuzi kwa meno:
"Ua linalojinadi sana, lina deni."

Alikuwa na chupa moja.
Ya mraba, mabega mapana kama ya askari magereza,
kizibo cheusi, maji yake rangi ya chai kavu
iliyosahauliwa mezani tangu asubuhi.
Jina lilikwishafutika; alilitamka yeye tu,
kwa kulikunja mdomoni kama risiti.
Aliipata mwaka ule mkonge ulipokuwa na bei,
kwa mke wa meneja aliyekuwa akifunga mizigo Raskazone:
"Chukua, Mwanasha. Mimi yamenishinda."

Yamenishinda.
Hebu fikiria, manukato kumshinda mtu!

Nilikuwa na miaka tisa, nikaiba tone.
Kwanza ilikuja ndimu,
si ya kachumbari, ya ganda, ile inayorukia jicho.
Nikapiga chafya. Kisha likaingia waridi,
wala si lile la shingo upande kwenye kadi za Idi;
waridi la mwanamke aliyesoma mkataba wote
kabla hajatia dole gumba.
Jioni, nilipodhani yamekwenda zake,
chini ya waridi pakafunuka msitu:
magome mabichi, udongo, ngozi ya mkoba wa zamani,
ile koga ya kijani inayolala juu ya miti kule Amani
tulikopelekwa na shule, tukatetemeka ndani ya lori.

Nilichapwa. Hata ile fimbo ilinukia.

Kazi yake ilikuwa kupanga madaraja, ghala la mkonge.
Anashika singa, ananyoosha kwenye mwanga wa dirisha:
la kwanza. La tatu. Hii takataka, rudisha.
Na siku nzima korona inatema maji ya kijani
yenye uvundo wa kuchacha, unaomfuata mtu hadi kitandani.
Wenzake walirudi wamebeba kiwanda kwenye kanga.
Yeye alishuka baiskeli Barabara ya Kumi na Nne
na wanaume wa barazani wakanyamaza
kama waliokumbushwa ahadi.

"Mwanasha anakoga," walisema nyuma yake.
Naam, alikoga:
alfajiri kwa maji ya kisima,
mchana kwa kiburi.
Na koga ya tatu, iliyoota chupani,
hiyo hawakuijua.

Bwana Shekue, fundi redio, alikuja na posa na ushauri:
"Paka kitu kitamu kidogo. Chenye sukari sukari."
Shangazi akamtazama kama singa fupi.
Rudisha.

Sasa hayupo. Nimerithi cherehani,
baiskeli isiyo na mnyororo, na chupa;
imebaki nusu ukucha.
Mwaka jana kijana wa duka la Barabara ya Nane
aliniuzia mpya, jina lile lile, akaapa na kuapa.
Ndimu ipo. Waridi lipo,
ila limejifunza kuchekacheka.
Nikasubiri magharibi. Nikasubiri isha.
Msitu haukuja.

Kijana akanieleza, bila haya:
siku hizi watengenezaji wameipunguza koga,
eti huwasha ngozi za watu.

Huwasha. Ndiyo. Na yeye aliwasha.

Hiyo mpya sikuitupa, naipaka nikienda sokoni,
haimkeri mtu.
Ya zamani siipaki.
Ila siku mteja anaposimama mlangoni na gauni mkononi,
analia bei mpaka mimi ndiye naona aibu,
nafungua kile kizibo cheusi, navuta mara moja tu,
mgongo unanyooka wenyewe,
nashika kitambaa chake, nakiinua kwenye mwanga,
namtajia bei ile ile.