Sentimita Mbili

Kenga Mwaringa alikuja na njumu moja kwenye kiroba,
hapa kibandani kwangu, nyuma ya soko la Malindi,
akaiweka kati ya gundi na misumari,
akasema: Fundi, niongezee sentimita mbili.
Kushoto tu.

Sikuuliza. Mji mzima ulikuwa umeshauliza.
Tulimjua tangu anakimbia peku kule Muyeye,
winga ambaye mpira ulimganda mguuni.
Akaenda ligi kuu, akalipwa, mamake akaezeka mabati;
kisha jeshi likamchukua, likamvisha buti,
na siku moja, mbele ya Kiunga,
gurudumu la lori likakanyaga kitu kisichokuwa jiwe.
Walikuwa tisa. Hasemi wamebaki wangapi.
Daktari alimfunga mfupa kwa skrubu nane,
akamwambia: Utatembea.
Akaona amemaliza.

Viatu havijui kusema uongo.
Mimi husoma soli kama wengine wasomavyo viganja:
mlevi huila pembeni, mchukuzi kisiginoni,
mwenye deni huimaliza nchani, kwa kupita akinyata.
Siku ya pili nikamwambia alete na ya kulia.
Ya kulia ilikuwa imekwisha kabisa.
Ya kushoto, mpya. Meno yote sita yamesimama.
Nikajua: mguu hauumi tu,
unaiogopa ardhi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Ung'ongo wa Kenga ulikuwa kifuniko cha soda
kilichozama nusu kwenye mchanga wa uwanja.
Nilimwona kwa macho yangu, alfajiri:
mpira unamjia, mwepesi, wa kupewa,
naye amesimama anakitazama kifuniko,
jasho linamtoka kabla hajakimbia.
Akainama. Akakiokota. Akakitia mfukoni.
Kesho yake akaokota vingine.
Mwezi mzima aliufagia uwanja kwa mikono,
watu wakasema, maskini, na akili nayo imebaki kule.

Mimi nikakata tairi kuukuu la pikipiki,
nikapima, nikabandika, nikashona, nikakosea.
Mara tatu aliirudisha.
Nzito.
Inateleza.
Inalia, Fundi, siwezi kukimbia na kitu kinacholia.
Ya nne hakuirudisha.

Jumamosi ile redio ilikuwa juu ya kopo la gundi.
Dakika ya sabini na moja akaingia.
Mtangazaji alikosea jina, akamwita Mwaringo,
hakutaja vita, hakutaja skrubu,
akasema tu: anapokea, anageuka, anapiga krosi...
ah, krosi mbovu!
Nikaiacha sindano ndani ya ngozi, nikacheka
hadi muuza tambuu wa jirani akaja mbio kuuliza kulikoni.
Krosi mbovu, nikamwambia.
Krosi mbovu, kama ya mtu yeyote.

Juzi amezileta zote mbili, nyuzi zimeachia.
Nikazigeuza juu chini.
Zimelika sawasawa, kulia na kushoto,
kama ndugu waliokula sinia moja.
Sikumwonyesha. Nilimwambia: Mia tatu.
Akazozana: Punguza, Fundi,
mguu wenyewe umepunguzwa.
Nikamjibu:
Ndiyo maana nikaongeza.