Utosi wa Mbeyu

Walileta miguu ndani ya sanduku lenye magurudumu.
Umazi, mtaalamu wa viungo pale hospitali ya Malindi,
alilifungua kwa ufunguo kama anayefungua duka la dhahabu.
"Usiguse kwanza, Ngumbao. Bei yake ni shamba lenu lote la Msabaha,
minazi, na vigango vya wazee juu yake."

Nikatulia. Nikapimwa paja, nikapimwa muundi.
Mishipi ikapita kiunoni, gotini, kifundoni,
mahali ambapo miaka minne sasa
hata siafu akiuma sijui
mpaka Mbeyu apige kelele.

Mimi nilikuwa mgema.
Miguu yangu ilijua vidato vya minazi sitini na mmoja,
upi una kidato kibovu, upi una nyigu,
asubuhi na jioni, kotama kiunoni.
Hakuna aliyewahi kuichaji usiku.
Kisha siku moja ya manyunyu kidato kikanikana.
Aliye juu mngoje chini, hunena wahenga.
Chini nilifika.
Aliyeningoja ni mzizi.

Umazi akafafanua: mgongoni mna kompyuta.
Haijui ulikotoka wala unakokwenda,
inajua tu umeinama kiasi gani.
Ukijivuta nyuma, inangoja.
Ukiegemea mbele, inakusadiki.

Inakusadiki!
Mimi niliyefundwa na mnazi
kwamba kuegemea mbele ni kukumbatia
na kuegemea nyuma ni kufa.

Magongo mawili. Mlio: ti, ti.
Mota zikavuma kama cherehani ya mama
na sakafu ikaanza kushuka.
Ndivyo nilivyoona: si mimi niliyepanda,
sakafu ndiyo iliyoshuka ikaenda zake,
ikaniacha juu natokwa na jasho,
naogopa kimo changu mwenyewe,
mimi niliyekuwa nikikojoa kutoka kileleni
na kuwacheka wapita njia.

"Egemea."
Sikuegemea.
"Egemea, baba."
Mguu wa kulia ukaenda bila kuniaga.
Nikautazama kama mbuzi wa jirani apitaye uani kwangu.
Kisha wa kushoto. Kisha ule wa kulia tena, mkaidi,
na Mbeyu mbele yangu anarudi kinyumenyume, mikono wazi,
kama anayeswaga kuku aingie bandani.

Hatua ya kumi na mbili, kando ya mizani ya watoto,
stima ikakatika.
Wodi nzima mayowe, feni zikazimika,
na mimi nimesimama wima.
Mimi nina betri.

Hapo ndipo nilipouona utosi wake.

Miaka minne namjua Mbeyu kwa kidevu,
kwa chini ya kidevu, kwa matundu ya pua
anapoinama kunigeuza usiku,
upande huu, upande ule, vidonda visinile.
Sikujua kuwa mvi zimempanda katikati,
kwenye njia ya kitana,
nyeupe kama chicha iliyokamuliwa mara tatu.
Zilianza lini? Nani mwingine amekwisha kuziona?

Nilitaka kuzigusa. Magongo yakanikataza:
mwenye kusimama hana mkono wa akiba.
Basi nikainamisha kichwa nimbusu palepale,
na mashine, ikidhani nataka safari,
ikanyanyua mguu.

Tukagongana, paji kwa paji.
Umazi akanidaka mshipi huku akitukana kwa Kigiriama.
Mbeyu akacheka, akacheka, akarudi nyuma
akaangukia kiti changu cha magurudumu
akaketi humo, machozi yakimtoka,
na mimi nimesimama mbele yake kama mgeni
ambaye hajakaribishwa kukaa.

Ijumaa sanduku likaenda Kilifi.
Jina langu liko kwenye orodha, namba arobaini na tatu.
Nimerudi kwenye kimo cha meza,
kwenye ulimwengu wa mifuko ya watu na vishikizo vya milango.

Usiku akinigeuza namwambia, inama.
"Kuna kidonda?"
Hapana. Inama tu. Bado. Zaidi kidogo.
Lete na hiyo taa.