Vipande Vinne kwenye Kopo

Hela ya kikoba inatosha bodi tatu,
si nne. Nimehesabu mpaka vidole vimenichoka.
Nataka benchi la kazi lisilotikisika nikipiga randa,
na makabati mawili ya vifaa, moja la kufuli,
maana hapa Igogo patasi ina miguu.

Nyakato, dukani kwa Mugeta, kila bodi ina wakili wake.
"Chukua emudiefu, mama fundi, laini kama shavu la mtoto."
Nikapitisha kiganja. Kweli, laini.
"Basi chipubodi, bei ya kirafiki."
Nikaigonga, ikanijibu kama mtu mwenye mafua.
Plaiwudi niliihesabu tabaka pembeni: saba,
na kati ya ya tatu na ya nne, upenyo wa kupitisha kucha.
Nikaomba vipande vilivyoanguka chini ya msumeno.
"Unakwenda kupikia?"
Ndiyo, nikasema. Bila moto.

Nikavizamisha kwenye kopo la rangi, kwa maji ya ziwa,
si ya bomba. Ziwa ndilo jirani yangu,
huingia alfajiri kabla ya mteja yeyote,
likala msumeno kwa kutu, likavimbisha droo
hata Aprili zinafunguka kwa teke.
Bodi ikija hapa, iishi na jirani huyo.

Siku ya kwanza chipubodi ilikuwa uji.
Ya pili, emudiefu ikanenepa kingo,
ulaini ukabaki usoni tu, kama adabu ya ugenini.
Ya tatu, plaiwudi ikaachana, tabaka na tabaka,
kimyakimya, hakuna aliyemlaumu mwenzake.
Cha nne, blokbodi, nilisahau kukitaja:
kilipinda.

Nilimwaga maji yale kwa hasira, sitadanganya.

Nkwimba, anayewapikia wajenzi kule Capri Point,
ndiye aliyeniambia: bodi za zege, zikichoka, nakokea moto.
Unakokea!
Nikaenda na mkokoteni wa kukodi.
Nyeusi, nzito, saruji imeganda kama ukoko,
zimekunywa mvua za misimu miwili chini ya zege bichi.
Nikachomeka kisu ubavuni. Hakikuingia.
Bodi sita, kwa bei ya moja na nusu.

Saruji ilinilia randa, nimenoa mara tano.
Matundu ya misumari mengine nimeziba kwa gundi na unga wa mbao,
mengine nimeyaacha, bisibisi zinasimama humo.
Emudiefu nimenunua moja, ya rafu za juu.
Sina ugomvi nayo, mradi isiguse sakafu.

Na kushoto mwa benchi, pale jiliwa linapobana,
kuna penseli ya mkono wa haraka:
*Doto, elfu nne, Ijumaa.*
Randa ilifika hapo ikasimama.
Ijumaa ipi? Na Mwanza hii ina Doto wangapi?
Nimepaka vanishi juu yake, mara mbili.
Ukipita Igogo, Doto,
deni lako lipo. Maji yameshindwa kulitoa.