Kila Kichwa

Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunakula Keko,
kwa Mama Suma, nyuma ya karakana za makochi,
ambako vumbi la mbao hufika mezani
kabla ya chumvi.
Viti vya plastiki. Kimoja kina mguu ulioshonwa kwa waya:
anayechelewa ndiye hukikalia. Ni sheria.

Ubao wa chaki unasema kuna kuku.
Hakuna kuku. Hajawahi kuwapo.
Kila mwezi Shomvi huagiza kuku,
kila mwezi Zamoyoni, kitambaa begani, hujibu,
"Kaka, kuku katoka kidogo,"
nasi hucheka kama ndiyo tunasikia leo.

Basi changu watano, wa kukaanga,
ugali, wali, mchicha wa nazi,
na pilipili ile ya kijani, ya kumfanya mtu aungame.
"Na wa sita je?"
Machibya, juu ya kiti cha waya, akapunga mkono:
"Mimi nimekula nyumbani. Nimekuja kuwaona tu."

Nimekula nyumbani.
Tuliipokea kama chenji ya dukani,
tukaitia mfukoni bila kuihesabu.

Mwajabu, yeye alisikia.
Ghafla samaki wake akawa na miiba mingi:
"Hebu nichambulie, macho yangu ya siku hizi…"
Mwajabu huyu huyu, anayetunga uzi kwenye sindano umeme ukikatika!
Atupele akalalamika ugali ni mlima,
akaumega, akausukuma, akauacha mpakani,
upande wa Machibya.
Tumsifu hakuzunguka: "Kwetu anayekaa mezani asile
ni mchawi au ni mpishi. Wewe ni yupi?"
Akacheka. Akanawa. Akala
matonge mawili, matatu, polepole,
kama fundi anayepima ubao wa mwisho.

Mimi je? Mimi nilikuwa najumlisha.
Ndiyo kazi yangu tangu tumalize chuo cha ufundi:
wenzangu walipewa mikono, mimi nikapewa daftari.
Zamoyoni akaleta deni letu
juu ya kipande cha boksi la biskuti.
"Penseli," nikasema, nikanyoosha mkono
sikioni kwa Machibya, bila kutazama, kama miaka yote.
Vidole vikakuta sikio tupu.

Hapo mwenye akili angenyamaza.
Nikasema: "Elfu hamsini na moja. Tuko sita.
Elfu nane na mia tano, kila kichwa."

Feni iliendelea kuzunguka.
Shomvi akakohoa kikohozi kisicho na mafua.
Machibya akaingiza mkono mfuko wa shati,
akatoa noti ya elfu tano, akainyoosha mezani
kwa kiganja, kama anapiga randa,
kisha ya elfu mbili,
kisha sarafu tatu za mia tano, moja, moja, moja.
"Haya. Tusidaiane."
Na hakuna aliyeweza kuurudisha mkono ule
bila kuuvunja.

Usiku niliirudia ile hesabu. Ilikuwa sahihi.
Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.
Nauli yake sikuwa nimeijumlisha.
Alirudi Mbagala kwa miguu; Mwajabu aliniambia Jumatatu
huku akikata kitambaa, mkasi ukienda,
asiinue macho.

Mwezi uliofuata kiti cha waya kilibaki wazi.
Shomvi hakuagiza kuku.
Zamoyoni akatutazama, akahesabu kwa kidevu:
"Leo watano, siyo?"
Wote wakanigeukia, mwenye daftari.
"Sita," nikasema. "Wa sita mfunge kwenye gazeti."
"Anakwenda wapi?"
"Mbagala."
"Mbagala ipi, kaka? Mbagala kubwa."
Nikafungua daftari, nikapekua
mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka:
amelipa, amelipa, amelipa, amelipa.
Mtaa wake sikuwahi kuuandika.