Mwezi Mmoja Kabla ya Kumi na Miwili

Jagna hali kitunguu kinachoonekana.
Kisichoonekana hukila, mradi nisicheke.

Sahani yake ina mipaka:
viazi huku, yai kule,
na supu ya bitiruti ikivuka tone moja
basi chakula chote kimekufa.

Juzi makaroni yalikuwa salama.
Leo yananuka njano.

Nimekaanga, nimechemsha, nimebembeleza,
nimetaja hata njaa ya bibi yangu wakati wa vita.
“Alikula nini?”
“Maganda ya viazi.”
“Yalitiwa vitunguu?”

Zamani kijiko kilikuwa tramu:
inaingia stesheni, fungua mlango!
Akafungua, Poznań nzima ikapita na uji.
Sasa mlango una komeo
na ufunguo anao mwenyewe.

Usiku wa manane nasikia friji ikihema.
Namkuta wima, miguu mitupu juu ya vigae,
mikono ya pajama imekomea karibu na viwiko
(tuliinunua lini? Pasaka?),
anatafuna matango ya achari toka chupani,
la tatu, la nne,
kisha anainua chupa kwa mikono miwili
anakunywa maji yake,
vitunguu saumu na vyote,
koo likipanda na kushuka
kama la mtu mzima mwenye kiu.

Nikarudi kinyumenyume, mwizi kwangu mwenyewe.

Asubuhi nikaweka tango moja kando ya mkate.
Akalisukuma kwa uma.
“Tata, unajua sipendi.”
Najua, nikasema.

Jioni, baada ya kazi, nilinunua chupa mbili.
Nikaziweka rafu ya chini, nyuma ya maziwa,
mahali ambapo mimi huwa sitazami.